Akiba hii huoza: Dawa ya kusafishia picha katika joto la pwani

Wazee wetu walinena kwamba akiba haiozi, na neno lao ni la haki kwa mtama ulio ghalani na kwa fedha iliyofungwa kwenye pindo la leso. Lakini iko akiba moja ambayo huoza, tena huoza kimya kimya ndani ya chupa iliyozibwa, na mwenyewe asijue mpaka siku ya kuihitaji. Akiba hiyo ni dawa ya kusafishia picha, ile ambayo mafundi huiita developa.

Fungua sanduku la nyumba yoyote ya kale, iwe Mombasa, Lamu, Malindi au Unguja, na aghalabu utakuta bahasha ya picha nyeusi na nyeupe. Utamwona bwana arusi na joho lake, bibi aliyekaa kitini na mkono juu ya meza yenye ua la karatasi, na mzee ambaye picha yake ya pekee duniani ni ile ya pasi ya kwendea Hija. Picha hizo zilitoka mikononi mwa mafundi waliokuwa na jina pwani nzima. Unguja alikuwako Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mwaka 1930. Mombasa alikuwako N. V. Parekh, ambaye watu wa kila kabila walimwendea wakiwa wamevaa vizuri. Lamu alikuwako Omar Said Bakor, fundi wa kukata picha na kuziunga hata mtu akaonekana ndani ya ua au ndani ya tunda. Tunazisifu kamera zao na macho yao, na ni haki yao. Lakini nyuma ya kila picha kati ya hizo ilikuwako chupa ya dawa ambayo siku ile ilikuwa hai. Lau ingalikuwa imekufa, leo tusingekuwa na sura wala jina.

Nimeona tuiseme habari hii kwa sababu ufundi huu, uliodhaniwa kwamba umezikwa, umefufuka. Vijana wanazitoa kabatini kamera za babu zao, wanazitia filamu, na wanataka kusafisha picha wenyewe jikoni au msalani. Huulizana sana juu ya kamera na juu ya lenzi. Juu ya dawa, wengi huuliza swali moja tu: Ipi bora? Swali hilo halina jawabu mpaka kwanza uulizwe wewe: Utasafisha mikanda mingapi kwa mwezi, na dawa yako utaiweka wapi?

DAWA HUFANYA NINI

Filamu nyeusi na nyeupe ni utando wa gelatini uliotandazwa juu ya plastiki, na ndani ya utando huo zimetawanywa chembe ndogo sana za chumvi ya fedha. Ndiyo fedha hii hii ya pete na mikufu. Mwanga ukiingia ndani ya kamera huzigusa baadhi ya chembe na kuziachia alama ambayo jicho haliioni. Picha imo, lakini imefichika. Kazi ya developa ni kuziendea chembe zilizoguswa na mwanga na kuzigeuza fedha tupu, ambayo kwa udogo wake huonekana nyeusi, na kuziacha zile ambazo hazikuguswa. Kisha dawa nyingine, fiksa, huziondoa zilizobaki ili picha isiharibiwe tena na mwanga.

Fiksa ikiwa dhaifu, mara nyingi waweza kuirudia kazi kwa fiksa mpya. Developa haina rehema hiyo. Ukiutia mkanda ndani ya dawa iliyokufa, kisha ukautia katika fiksa, zile chembe zilizokuwa zimebeba picha iliyofichika zitaondolewa pamoja na nyingine. Utatoa mkanda mweupe kama kioo cha dirisha, na hapana fundi wa Mombasa wala wa London atakayekurudishia arusi ile.

Sasa tutazame kilichomo ndani ya chupa. Nitachukua mfano wa dawa iliyotumiwa kuliko zote, D-76 ya Kodak, iliyoko duniani tangu miaka ya 1920. Kanuni yake haikufichwa, na ID-11 ya Ilford ya Uingereza hufuata kanuni hiyo hiyo. Katika lita moja ya maji mna gramu 2 za metoli, gramu 5 za haidrokwinoni, gramu 100 za salfaiti ya sodiamu na gramu 2 za boraksi.

Metoli na haidrokwinoni ndio wafanyakazi. Ndio wanaogeuza chumvi kuwa fedha. Boraksi huyafanya maji yawe na ukali kidogo wa magadi, kwani pasipo ukali huo wafanyakazi hawaamki. Salfaiti ni mlinzi. Yeye huipokea hewa kabla haijawafikia wafanyakazi, na pamoja na hayo huzilainisha chembe za picha zisionekane kama mchanga. Hebu hesabu mwenyewe: gramu 7 za wafanyakazi zimewekewa gramu 100 za mlinzi. Kwa hesabu hiyo peke yake utajua ni nani adui aliyeogopwa na waliotunga dawa hii.

ADUI NI HEWA, NA JOTO NI MSAIDIZI WAKE

Adui huyo ni oksijeni iliyomo hewani. Humla mfanyakazi wa picha kama kutu inavyokula panga. Chupa ikiwa imejaa mpaka shingoni, hewa iliyomo ni chache na mlinzi huishinda. Chupa ikiwa nusu, nusu nyingine si tupu kama unavyodhani, bali imejaa adui. Ndiyo sababu Kodak waliandika kwamba D-76 iliyokorogwa hukaa miezi 6 katika chupa iliyojaa na kuzibwa barabara, lakini miezi 2 tu katika chupa iliyofika nusu. Ilford nao kwa ID-11 yao husema miezi 6 kwa chupa iliyojaa, na mwezi 1 kwa chupa ya nusu. Dawa ni ile ile moja na chupa ni ile ile moja. Kilichobadilika ni ile nafasi iliyobaki juu.

Tena miezi hiyo imehesabiwa kwa baridi ya wenzetu. Chumba cha Uingereza kina digrii 20 za sentigredi au chini ya hapo. Chumba cha Mombasa wakati wa kaskazi hupita digrii 30 mchana, na paa likiwa la mabati huzidi. Wanakemia wana kanuni ya kukadiria kwamba joto likipanda digrii 10, mambo mengi ya kikemia huenda mbio takriban maradufu. Basi mtu wa pwani akisoma miezi 6 kwenye paketi, na asome miezi 3. Akisoma mwezi 1, na aseme wiki mbili. Sisemi hivi kwa kuwa nimepimiwa na maabara, bali ni hesabu ya tahadhari, na katika jambo ambalo halirudiwi tahadhari ni bora kuliko ujuzi.

Tui la nazi hutufunza haya kila siku. Hakuna mpishi wa pwani anayekamua tui asubuhi akaliacha wazi hadi magharibi kisha akalitumaini. Lakini samli aliyoifunika vizuri ataitumia mwezi mzima. Dawa za picha nazo zimegawanyika hivyo: ziko za aina ya tui na ziko za aina ya samli.

KUCHAGUA KWA KUTAZAMA NYUMBA YAKO

Aina ya kwanza ni dawa za unga, na hizo ndizo D-76 na ID-11. Ungali umefungwa katika paketi yake, mahali pakavu, unga hukaa miaka. Pia ni mwepesi kuusafirisha, jambo kubwa kwetu ambao vitu hivi hutufikia kutoka mbali. Picha zake ni laini na za wastani kwa kila filamu, na makala na vitabu vyote vina dakika zake, hata ukikwama hukosi wa kumwuliza. Lakini pindi ukishaukoroga na maji, samli imekuwa tui. Paketi zake huuzwa za lita moja na za kiasi kikubwa zaidi. D-76 iko ya galoni ya Kimarekani, karibu lita 3.8, na ID-11 iko ya lita 5. Kubwa huonekana rahisi kwa bei. Kwa mwenye studio inayosafisha mikanda kila siku, ni rahisi kweli. Kwa kijana anayesafisha mikanda miwili kwa mwezi, ile lita 5 ni hasara, kwa maana nyingi ataimwaga.

Aina ya pili ni dawa za maji mazito, ambazo huchukua kidogo ukazimua kwa maji mengi na ukazimwaga baada ya kazi. Bingwa wa hizi ni Rodinal, iliyotolewa Ujerumani na Agfa mwaka 1891, yaani mzee kuliko reli yetu. Leo yatengenezwa na Adox wa Ujerumani, na wengine huuza ya namna hiyo kwa jina la R09. Katika dawa zote ninazozijua, hii ndiyo samli. Chupa iliyofunguliwa hukaa miaka, na hata ikigeuka rangi ya kahawa nzito hufanya kazi. Huzimuliwa sehemu 1 kwa maji 25 au kwa maji 50. Kwa tangi dogo la mililita 300, kiasi cha mililita 6 tu chatosha kwa mzimuo wa 50. Aibu yake ni moja: chembe za picha huonekana wazi, hasa kwa filamu za kasi ya 400. Kwa filamu za kasi ndogo, kama FP4 Plus ya 125, picha hutoka kali na ya kupendeza. Na mwenye nayo aishike kwa adabu, kwani ukali wake wa magadi huunguza ngozi na macho.

Katika aina hii ya pili imo pia HC-110 ya Kodak, ya miaka ya 1960. Ile ya zamani ilikuwa nzito kama asali, na mafundi waliisifu kwamba hukaa miaka mingi chupani. Ya miaka hii imebadilishwa ikawa nyepesi zaidi, basi mtu asiitumainie ya leo kwa sifa za ile ya jana. Afuate tarehe iliyoandikwa juu ya chupa.

Aina ya tatu ni zile zinazotumia ndugu wa vitamini C mahali pa haidrokwinoni. Mashuhuri kati yao ni Xtol ya Kodak, iliyotolewa mwaka 1996. Picha zake ni nzuri mno, sumu yake ni ndogo zaidi, na unga wake hukorogeka katika maji ya kawaida pasipo kuchemshwa. Lakini ina tabia ambayo mtu wa pwani lazima aijue: inapokufa haitoi ishara. D-76 ikizeeka hugeuka manjano, kisha hudhurungi, na mwenye macho huonywa. Xtol yaweza kuwa safi kama maji ya kunywa, na ndani yake hamna kitu. Ukiichagua, usiitie hata mara moja bila ya kuijaribu.

Kwa hivyo shauri langu ni jepesi. Anayesafisha mkanda mmoja mmoja, leo na baada ya miezi miwili, achukue Rodinal na filamu ya kasi ndogo. Anayesafisha mikanda minne au zaidi kwa mwezi, achukue unga wa lita moja wa D-76 au ID-11. Studio yenye kazi kila siku na ichukue paketi kubwa. Anayechagua kwa sifa za mtandaoni, akaiacha nyumba yake bila kuitazama, ni kama anayenunua jahazi kabla ya kujua kina cha bandari yake.

KUKOROGA

Maji ndiyo mwanzo. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na maji ya chumvi si ya kazi hii. Bora ni maji safi ya bomba yaliyochemshwa na kufunikwa mpaka yapoe, kwa kuwa kuchemsha hutoa hewa iliyomo ndani ya maji. Maji ya mvua ya birikani hufaa yakichujwa kwa kitambaa na kuchemshwa vivyo hivyo. Kwa paketi ya D-76 au ID-11, maji ya kukorogea yawe ya moto wa wastani, kiasi cha digrii 40 hadi 55 kama paketi inavyoagiza, na kiasi chake kiwe pungufu kidogo. Ukishamaliza kukoroga ndipo utimize lita kwa maji baridi.

Koroga polepole kwa kijiti cha plastiki au cha kioo. Usitikise wala usipige kama mtu apigaye mayai ya keki, kwani kila povu ni hewa unayoitia kwa mkono wako. Wala usiigawe paketi ukakoroga nusu leo na nusu mwezi ujao. Chembe za unga hazina uzito mmoja. Nyingine huzama chini ya paketi, na nusu utakayochota yaweza kuwa ina walinzi watupu na wafanyakazi wachache. Unga uliogeuka hudhurungi ndani ya paketi, usijisumbue nao, utupe.

Anayejipimia mwenyewe kwa mizani ya sonara, na akumbuke kwamba metoli haiyeyuki vizuri katika maji yaliyokwisha jaa salfaiti. Atie chembe chache tu za salfaiti kwanza, kisha metoli yote, kisha salfaiti iliyobaki, kisha haidrokwinoni na boraksi. Avae glavu, kwa sababu metoli huwawasha watu wengine ngozi, na anayeanza kuwashwa huendelea kuwashwa maisha yake yote. Vumbi la unga asilivute puani.

CHUPA, NA HATARI YA CHUPA

Hapa ndipo penye siri ya habari yote. Dawa ya lita moja usiiweke katika chupa moja ya lita. Kila ukimimina, unaiongezea hewa, na hata ukiziba kwa nguvu umeshachelewa. Igawe siku ile ile uliyoikoroga. Tangi la mkanda mmoja wa milimita 35 huchukua kiasi cha mililita 300. Ukiizimua D-76 nusu kwa nusu na maji, wahitaji mililita 150 za dawa kwa mkanda. Basi tafuta chupa sita za mililita 150 kila moja, uzijaze mpaka shingoni, uzizibe. Kila mkanda una chupa yake. Ukifungua moja, zile tano hazijui kwamba umefungua. Mililita 100 zinazobaki katika lita tia katika kichupa kidogo, zitakufaa kwa majaribio. Dawa iliyokwisha zimuliwa haiwekwi. Mlinzi wake amepungua, nayo itumike siku hiyo na kumwagwa.

Chupa za kioo cha hudhurungi ndizo bora. Kioo hakipitishi hewa, na rangi yake huzuia mwanga. Plastiki nyembamba, kama ya maji ya kunywa, hupitisha hewa polepole hata kama imezibwa. Ikiwa huna chupa ndogo, tumia gololi za kioo zilizooshwa: kila unapopunguza dawa, tumbukiza gololi mpaka maji yapande tena shingoni. Weka chupa mahali penye ubaridi kuliko pote nyumbani, chini karibu na sakafu, mbali na jiko na ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Friji si mahali pake. Baridi nyingi huigandisha chumvi ya dawa ikawa mashapo, na tena friji ni ya chakula.

Na hapa naomba msomaji anisikize kwa makini. Katika nyumba zetu tuna desturi ya kutumia chupa za soda na za sharubati kwa kila kitu: mafuta ya taa, siki, samli, hata dawa za wadudu. Developa usiitie kamwe katika chupa ya kinywaji. Ikiwa mpya, ni maji tu machoni mwa mtoto aliyetoka madrasa na kiu. Ikizeeka, ina rangi ya chai. Haidrokwinoni iliyomo ni ile ile iliyopigwa marufuku nchini Kenya katika mafuta ya kujichubua, na kuinywa ni jambo la hatari. Hata chupa za hudhurungi, nunua mpya kwa muuza dawa. Usitumie ya dawa ya kikohozi iliyobaki na karatasi yake. Andika kwa herufi kubwa: SUMU, DAWA YA PICHA. Andika jina la dawa na tarehe uliyoikoroga. Kisha weka ndani ya kabati lenye kufuli. Picha ya mtoto haina thamani ikiwa mtoto mwenyewe amedhurika.

KUIJARIBU KABLA YA KUIAMINI

Jaribio lenyewe halina gharama. Unapoitia filamu ya milimita 35 katika kamera, kile kipande cha mwanzo hupigwa na mwanga wote. Kikate na ukiweke. Siku ya kazi, mimina dawa kidogo katika kikombe cha kazi hiyo, kwa mzimuo na joto utakalotumia, na ukitumbukize kipande hicho, taa ikiwa inawaka. Dawa iliyo hai itaanza kukigeuza baada ya muda mfupi, na ukimaliza dakika zako za kawaida kitakuwa cheusi kama makaa, hata ukikiinua mbele ya taa hukioni kitu ng'ambo. Kikibaki cha kijivu, dawa imechoka. Kisipogeuka, imekufa. Imwage, wala usiseme utaiongezea dakika. Dakika haimfufui maiti.

Fanya hivi kila mara. Lifanye mara mbili ikiwa mkanda ni wa arusi, wa maulidi, au wa mzee ambaye huenda asikae tena mbele ya kamera.

JOTO LA SIKU YA KAZI

Limebaki neno moja, nalo lawahusu watu wa pwani kuliko wengine. Vitabu vyote huandika digrii 20, na maji ya bomba letu hayaijui digrii hiyo. Kadiri dawa inavyopata joto ndivyo inavyofanya kazi kwa haraka, na dakika zikiwa chini ya 5 mkono wa binadamu haupati nafasi. Kuchelewa kumimina kidogo tu huonekana kama madoa juu ya picha. Joto likizidi sana, gelatini nayo hulainika na huweza kukwaruzika. Zamani viwanda vilitunga kanuni maalumu za nchi za joto, zilizotiwa salfati ya sodiamu ili gelatini isivimbe.

Kwa mtu wa nyumbani iko njia nyepesi zaidi, nayo ni kufanya kazi katika digrii 24 na kuizimua dawa. HP5 Plus katika ID-11 isiyozimuliwa huchukua dakika 7 na nusu kwa digrii 20. Kwa digrii 24 hushuka hadi kama dakika 5, na hapo tumefika ukingoni. Lakini ukiizimua nusu kwa nusu, zile dakika huwa 13 kwa digrii 20, na kama 9 kwa digrii 24. Hizo ni dakika za mtu aliyetulia. Kuzimua kumetupa nafasi ambayo joto lilitunyang'anya.

Kuzifikia digrii 24, weka chupa zako zote ndani ya beseni la maji, utie barafu iliyofungwa katika mfuko, na utazame kipimajoto. Barafu isiguse dawa yenyewe. Na si developa peke yake. Fiksa na maji ya kuoshea yawe karibu na joto hilo hilo. Filamu ikitolewa katika ubaridi ikatiwa ghafla katika maji ya moto, ngozi yake yaweza kujikunja ikafanya mikunjo kama ya uso wa mzee. Anayefanya kazi alfajiri, maji ya tangi yakiwa yamelala usiku kucha, atajipunguzia nusu ya taabu hii.

Ukimaliza, usimwage dawa kisimani wala karibu nacho. Na fiksa iliyotumika ina fedha ndani yake. Ikusanye katika dumu lililoandikwa, umpelekee anayeikusanya.

Mafundi wa zamani hawakuwa na mtandao wa kuwafunza haya. Waliyajua kwa kuwa jina lao lilisimama juu ya mlango, na mteja aliyekosa picha ya arusi yake alikuwa jirani yao. Kijana wa leo hana jina mlangoni, lakini ana nyanya yake aliyekubali kukaa mbele ya kamera. Amana ni ile ile. Nami nimeifungia beti moja, apate kuibandika kabatini:

Chupa ijaze kwa dawa, hewa isije kufika,
Na siku ilozaliwa, kwa wino ukaiweka,
Kipande kikishatiwa, cheusi kitageuka,
Mkanda ukiuliwa, haurudi ukitaka.